Balagha Mlangoni kwa Mzee Shekue

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni; yakizidi, humrudisha. Kama huamini, muulize Sikudhani, mwenye stashahada yake ya Kiswahili, aliyetumwa kumposea mdogo wake Mbwana akarudi mikono mitupu. Mzee Shekue, baba wa binti, alifanya wafanyavyo wazee wote wa kwao siku ya posa: alisimama mlangoni akakana. Hapa hakuna binti. Mshenga hujibu, basi tumepotea njia, tunaomba maji ya kunywa, na hapo hukaribishwa ndani. Sikudhani hakuomba maji. Alimthibitishia mzee, hoja baada ya hoja, kwamba binti yumo, kanga zake zile kwenye kamba, na kwamba anayekana lililo wazi ni mwongo. Mzee akafunga mlango. Jana kaenda wifi yake Mwajabu, mke wa kaka yao mkubwa, muuza vitumbua aliyeishia darasa la saba. Kaomba maji, posa ikapokelewa. Sharti ni moja: leo alasiri Sikudhani aje aombe radhi, la sivyo ndoa hakuna.

Sasa ni adhuhuri, kajilaza mkekani na wivu wake kwa Mwajabu. Anafumba macho, na mkeka unarefuka, unakuwa njia, na njia inajikunja inarudi ilikotoka, na kila inaporudi si ile tena. Pembeni amekaa mtu asiye na uso, laini kama yai lililomenywa. Unatafuta nini, mwanangu? Natafuta neno balagha, anasema Sikudhani, nataka pale lilipozaliwa, niwe nalo peke yangu. Mtu yule anacheka bila mdomo. Lina miguu, kiti halina; likikaa, limekufa. Usinitegee vitendawili, mimi nimelisomea: limetoka kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni kufika, ndiyo maneno yanayomfikia mtu yakamgeuza moyo. Ahaa, anasema asiye na uso, kumbe njia unaijua! Mbona hujafika?

Anatembea, anatembea, na njia inammwaga katika mji ambao kuta zake ni vioo, na ndani ya kila kioo yumo Mwajabu, anageuza vitumbua, watu wamemzunguka kimya. Anawaambia nini? Anawaambia tu, karibuni jamani, moto wa leo una kiburi, vumilieni. Na watu wanatikisa vichwa, mmoja anafuta machozi. Sikudhani anapaza sauti, anapanga tashbihi, takriri, methali tatu kwa mpigo, na maneno yanamtoka kinywani yakiwa ndege wa rangi, mazuri kupindukia, yanagonga vioo na kudondoka. Wifi, niazime huo ulimi, siku moja tu. Kina Mwajabu wote wanageuka pamoja. Ulimi huu uliounguzwa na mafuta? Makubwa! Hebu niambie, msomi wangu, siku ile ulipokuwa unamshinda mzee, ulimtazama? Nilimtazama, alifunga mlango. Alifunga kwa kuwa anaogopa nyumba kubaki bila mwanawe, wifi. Hata wewe ungekana.

Ni kweli, na Sikudhani anajua ni kweli, na linalomchoma ni kwamba kaliona mwingine. Anaokota jiwe, anarusha. Vioo vyote vinapasuka, na nyuma ya kila kioo kuna mlango uleule, na Mzee Shekue yuleyule. Hapa hakuna binti. Maneno yale, tunaomba maji ya kunywa, yamemjaa ulimini, hana ila kuyatamka. Lakini ni maneno ya Mwajabu. Anayameza.

Anaamka, au labda ni mkeka tu umeacha kwenda. Mwajabu kasimama juu yake na baibui lake, Mbwana nyuma, kanzu mpya, macho mekundu. Inuka wifi, wanatungoja, sema hata kwa kunong'ona, mimi nitamalizia. Sikudhani anamkodolea macho, anangoja uso ule ufutike. Haufutiki, wala hilo halimhakikishii kitu. Nakuomba, dada, anasema Mbwana. Maneno mawili, hayana pambo lolote, na yanamfika hadi chini ya mbavu, mahali ambapo yeye hajawahi kumfika mtu. Anamtazama mdogo wake, kisha wifi yake, aliyemshika Mbwana mkono. Akiomba radhi, posa itabaki kuwa ushindi wa Mwajabu.

Siombi radhi, anasema. Nendeni mkamwambie hivyo. Siombi.