Herufi ya Saba

...na sasa ameacha hapo hapo, ala, unaachaje jina la mtu katikati, M ipo, U ipo, Z, A, M tena, I, halafu mstari mmoja umesimama wima peke yake, rangi bado mbichi, na huyu Asiku, mchoraji wa vibao aliyekuja kuandika kibao cha kituo, ameweka brashi juu ya kopo anataka chai kwanza, mama Driciru nimiminie nusu, mgongo unaniuma, anasema, na mimi niko hapa kwenye benchi la huyo huyo Driciru, glasi yangu imeshapoa, nahesabu, herufi sita na mstari mmoja, mstari huo ukishuka ukaenda kulia ni L, ukirudi juu ukafanya tumbo na mguu ndiyo ile nyingine, ile waliyoiandika kwenye duka la simu, Muzamiru, na vijana wa bodaboda tangu asubuhi ni hivyo hivyo, twende Kwa Muzamiru, nishushe Kwa Muzamiru, wamelitoa Kampala huko na ndimi zao, na karatasi ya manispaa yenye jina la kuandika iko mfukoni mwa Asiku, hata akinionyesha siwezi kuisoma, basi mwambie, nimwambie nini, kwamba mimi ni nani, mzee wa kofia nyeupe anayengoja gari la kurudi Arua, amekuja kusalimia kaburi la mke wake, miaka kumi na miwili nakaa kwa binti yangu Sharifah kule Awindiri, Koboko hii hakuna anayenijua tena, na hilo duka la simu limesimama palipokuwa karakana yangu, tuliporudi kutoka uhamishoni mwaka wa themanini na sita hapa palikuwa nyasi tupu, Hawah mke wangu akafyeka kwa panga, nikaweka fuawe langu na mkasi wa bati, nikagonga masanduku ya shule, vibatari, ndoo, baadaye akaja muuza nyanya, akaja wa nyama, kidogo kidogo magari yakaanza kusimama, watu wakasema tushuke Kwa Muzamili... anasema nini huyu mama, anamwambia Asiku eti huyo Muzamili alikuwa askari, mutu ya Sudani, alikufa zamani kwa vita, hata kaburi yake iko wapi hakuna mutu anajua, na Asiku anasema maskini, anapuliza chai, askari! babu yangu ndiye alikuwa askari, mimi nimeshika nyundo maisha yangu yote, nicheke au nilie, kaburi langu liko hapa kwenye benchi linakunywa chai, sema basi, Muzamili, ona, hata nikilitaja moyoni linanishtua, Sharifah ananiita baba, wajukuu babu, Awindiri nzima ni mzee, mzee, aliyebaki akiniita Muzamili alikuwa Hawah, kwa sauti ndogo akitaka kitu, kwa sauti kubwa nikichelewa chakula, tangu afe jina hili nalisikia likiita kituo, mimi haliniiti, na upweke huu nimeushindwa, wallahi, nyumba imejaa watoto na bado nimeushindwa, lakini nidai jina kwa uso gani na mimi nililikana, mwaka wa themanini, barabarani, wenye bunduki walikuwa wanauliza majina, la Kiislamu lilikuwa hatia, mbele yangu alikuwa Sulaiti, kaka yake Hawah, akalitaja lake vile lilivyo, wakamweka kando, nikaulizwa mimi nikasema Silvester, nikapita, sikugeuka, nilisikia tu mlio, na miaka sita huko uhamishoni Hawah hakunitupia neno la lawama hata siku moja, alingoja turudi, akachukua chaki, yeye aliyesoma mpaka darasa la saba, akaandika juu ya kipande cha bati, akashika kidole changu akakipitisha, M, U, nikamwambia acha, wataliona, na yeye akasema, "Safari hii waone," jioni ngapi tulikaa na bati lile mapajani, na kila tukifika kwenye L kidole changu kilikuwa kinataka kurudi juu, ananivuta, chini, sasa kulia, hapo, umeweza, halafu I ya mwisho, neno lingine sikujifunza, sikuona la kufanyia, na bati likakaa mlangoni mpaka kutu ikalimaliza... Asiku amerudisha glasi, amechovya brashi, mkono unapanda, mbona unapanda, shuka wewe, uko juu kabisa ya mstari, hapo tumbo linapoanzia, na mimi kidole changu kinaandika kwenye ubao wa benchi chenyewe, nyamaza mzee, gari la Arua linakuja, si ulipona kwa kunyamaza, hapana, kupona nilipona kwa kudanganya, na Hawah amelala pale nyuma ya msikiti, leo nimechuchumaa hapo muda mrefu na sikuwa na la kumwambia...

"Shuka chini, kijana," nasema, "halafu kulia. Iko L hapo."

Brashi imesimama hewani. Driciru ananiangalia, mara ya kwanza tangu anipe chai. Asiku ameinama kidogo anitazame vizuri, na nyuma yake ule mstari bado uko peke yake.

"Mzee, kumbe unajua kusoma?"

"Neno hilo moja tu."