Kamati Yaenda Marikiti

Nyevu aliurukia mpira wa kona, akaukosa, kichwa kikagonga mlingoti wa goli. Alipopakiwa kwenye gari hakuwa akijijua. Nahodha wetu, Trizah, alifuatana naye hospitali. Mimi, kocha wao, niliitwa ofisini, mtaa wa Kuze, na mwenyekiti wa klabu, Mzee Ngala, tukaunde kamati ya dharura. Klabu yetu ya wanawake haikuwahi kuwa na kamati kama hiyo.

Mimi nilikuwa na jambo moja tu moyoni. Mamake Nyevu anauza mboga katika soko la Marikiti na ana presha. Siku aliponiletea bintiye alinishika mkono akasema, "Maisara, nakukabidhi mwanangu." Nilitaka asikie kutoka kwangu, taratibu, kabla mtu hajamwonyesha ile picha ya Nyevu amelala chini, iliyokuwa imeshaanza kuzunguka kwenye simu.

Lakini wapi! Mzee Ngala alifungua kwa dua, akatuuliza hali na za nyumbani, kisha vyeo vikaanza kugawanywa. Mwenyekiti wa kamati ni yeye. Msemaji ni Odera, karani wa bandari ya Kilindini, kwa kuwa ana suti na sauti nzito. Kisha akatafutwa mlezi. Kila mtu alipata cheo, kazi hakupewa yeyote.

"Mzee, niruhusu nende Marikiti sasa hivi," nikasema.

"Peke yako? Mama wa watu tumtumie mtu mmoja, kama aenda kununua mchicha? Haya mambo yataka heshima, Maisara. Twende sote."

Kusema kweli, maneno yale yaliniingia. Niliona ndiyo adabu. Basi tukamngoja Mzee Ngala avae kanzu safi na kofia, Odera akafunga tai, nami nikatengeneza buibui langu. Tukiwa ngazini Trizah akapiga simu: Nyevu amefumbua macho, anaomba maji. Nililia kwa furaha, nikajifuta. Tukashika njia, mmoja nyuma ya mwingine kwa sababu ya wembamba wa vichochoro, Mzee Ngala mbele.

Tulipoingia Marikiti, hamali mmoja aliuvuta mkokoteni wake kando akatupisha bila neno, na hamali wa Marikiti hawampishi mtu. Muuza ndizi akazima redio. Mwanamke wa vitunguu akajitanda leso, akaanza kutufuata, na mwenzake nyuma yake. Hapo nikatambua tulivyoonekana. Watu waliovaa vizuri, wanakuja pamoja, kimya, mchana wa kazi, kwa mama aliye kwenye meza yake ya mboga. Hapa kwetu jambo hilo lina maana moja tu.

"Mzee, rudini!" nikamnong'oneza. "Rudini, niachieni mimi!"

Mzee Ngala alikuwa ameshainua mkono kutoa salamu.

Mamake Nyevu alitutazama mmoja mmoja. Kanzu, tai, buibui. Kisu cha kukatia sukuma wiki kikamponyoka.

"Mwanangu!"

"Yu hai, mama! Yu hai, amesema!" Nilikimbia nikikanyaga nyanya za watu. Lakini alikuwa ameshaanguka, na vilio vya wanawake vikaifunika sauti yangu. Odera, msemaji wetu, alisimama pale mdomo wazi.

Tulimpeleka hospitali ile ile. Jioni Nyevu aliletwa kwa kiti cha magurudumu, bandeji kichwani, akawekwa kando ya kitanda cha mamake. Mdomo wa mama ulikuwa umepinda upande. Mkono wa kulia, ule ule alionishika nao, ulikuwa umelala juu ya shuka na haukusogea hata Nyevu alipoushika.

"Kocha," akaniuliza, "n'nani alomwambia mama?"

Mzee Ngala akageukia dirisha. Odera akalegeza tai.

"Twalikwenda sote," nikamjibu.