Marahaba ya Mkono wa Kushoto

Mzee Aminieli wa Kikwe, yule mwenye migomba karibu na mfereji, alipigwa na kiharusi mwezi wa kwanza. Kikamchukua mkono wa kulia, kikamchukua mguu wa kulia, kikabeba na maneno yote. Akili hakikuigusa, na hapo ndipo palipouma, maana alikuwa anasikia kila kitu.

Watu walikuja kumwona, Wameru hatuachi mgonjwa. Mtu ananyoosha mkono wa kulia. Aminieli wa kulia hauinuki, na wa kushoto hautoi, kwa sababu alivyolelewa yeye, mkono wa kushoto humpi mtu mwenye heshima zake. Basi mgeni anaurudisha wake, anamgeukia Tabitha, mke wa mzee. "Hajambo huyu?" Tabitha anasema hajambo. Na huyu mwenyewe yuko hapohapo, katikati yao, kama debe la maharage. Hujambo imegeuka hajambo, kitu kidogo tu hicho, lakini kilimtoa mzee nje ya nyumba yake. Kufika mwezi wa tano hata watoto wa jirani shikamoo wanampa bibi, babu wanampita kama kigogo.

Sasa Brenda akapata mchumba. Brenda ni mjukuu, mzee amemlea tangu ana meno mawili. Kijana ni wa Olmotonyi, anafanya kazi kwenye miche ya miti. Wakasema Jumamosi wanaleta posa. Na posa anaijibu mwenye boma. Aminieli alikuwa anaingoja siku hiyo toka Brenda anavaa sare ya darasa la kwanza.

Reginald, baba yake Brenda, si mtu mbaya. Alisema tu, "Mama, mzee tumweke chumba cha nyuma apumzike. Mimi nitajibu."

"Umemuuliza?"

"Nikimuuliza atanijibu nini?"

Mzee akagonga fimbo sakafuni, mara mbili. Tabitha akacheka. "Si huyo, amekujibu."

Basi wakamweka sebuleni, lakini kule pembeni, karibu na kabati la vyombo.

Wageni wakafika saa nne asubuhi. Mshenga wao alikuwa Meshack, fundi pikipiki wa Usa River, mnene, mdomo haulali. Akasalimia mmoja mmoja mpaka akafika kwenye kabati. Akanyoosha mkono wa kulia. Wa mzee haukuinuka.

"Aliugua," Reginald akasema. "Ila hajambo."

"Ngoja kwanza, mkwe, nasalimiana na mwenye nyumba." Meshack akachuchumaa, magoti yakalia. "Baba, mkono upi ni mzima?"

Miezi mitano hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo. Mzee akautazama wa kushoto kwa aibu, kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Akauinua kidogo. Meshack akaweka wa kwake wa kulia mgongoni, akatoa wa kushoto.

"Basi leo tunatumia huo. Shikamoo baba."

Halafu akangoja. Watu hawangojagi. Akangoja mpaka chai ikaanza kupoa, na kumbe neno lilikuwepo. Lilikuwa limezoea kutoka lenyewe miaka yote, kiharusi hakikujua linalala wapi.

"Marahaba," akasema mzee. Safi kabisa.

Tabitha akashika mlango. Reginald, bila kuambiwa, akakivuta kiti cha baba yake mpaka katikati ya sebule.

Wakanywa chai, wakala loshoro, yale mahindi yetu na maziwa mgando, ndipo Meshack akasimama. "Tumeona mche mzuri shambani humu. Tunaomba tukauoteshe Olmotonyi." Alimtazama mzee, hakumtazama Reginald.

Mzee akafungua mdomo, akatafuta. Maneno mengine hayakuja. Brenda, kule mlangoni, ameuma pindo la khanga. Reginald akakohoa, akataka kusema, akanyamaza. Kunyamaza nako ni kazi.

Aminieli akanyoosha mkono wa kushoto mbele ya watu wote. "Marahaba."

Shangazi wa bwana harusi akainama kwa mwenzake. "Hiyo ni ndiyo, au ametusalimia tena?"

"Yote mawili," Meshack akasema, ameshaushika ule mkono. "Na usimwulize mwenzako, shangazi. Muulize mwenyewe."

Shangazi akamgeukia mzee. "Ndiyo, baba?"

Mzee akatikisa kichwa juu chini, akicheka na nusu ya uso, na vigelegele vikaanzia mlangoni.

Jumapili, nje ya kanisa, alikuwa anautoa yeye kwanza, wa kushoto. Na aliyesitasita, mzee alimngoja.