Turubai la Matanga

Rozina alikuwa juu ya jabali nyuma ya nyumba yake, Kirumba, akigeuza dagaa kwa ufagio, aliposikia kilio kinapanda kutoka barabarani.

"Nani tena kafa huko chini?" alimuuliza jirani yake Kija, aliyekuwa upande wa pili wa nyavu akifukuza korongo.

"Mimi sijui, Mama Otuoma. Asubuhi mtaa mzima walikuwa wazima."

Kilio kilikuwa cha watu kadhaa, Kijaluo na Kiswahili vikipishana. Rozina akaegemea ufagio na kumwonea huruma huyo aliyefiwa, huku akiwaza kama ana kanga safi ya kwendea msibani. Ndipo alipolisikia jina lake.

"Mama yangu Rozina weee! Umeniachia nani?"

Mungu wangu! Ilikuwa sauti ya Otuoma, mwanawe, ambaye Rozina alijua yuko Shirati.

Tuseme ukweli, kosa lilikuwa la Rozina mwenyewe. Mwezi uliopita alifariki mzee Masalu, mpakizi wa samaki pale soko la Mwaloni, bila kuacha neno lolote kuhusu nyumba yake. Matanga hayajaanuliwa, ndugu zake wakalitupa nje godoro la binti yake, na mvua ikalinyeshea. Rozina alisaidia kulinyanyua. Lilikuwa zito kwa maji, na uzito ule alirudi nao nyumbani. Kwa maana naye alikuwa na binti, Akelo, aliyekimbia ndoa ya vipigo akiwa na watoto wake wawili, akawa anabeba ndoo za dagaa pamoja na mama yake tangu hapo. Tena alikuwa na mwana wa kiume aliyewahi kumwambia bila hata kupunguza sauti, "Mama, binti aliyeolewa hana kwao."

Nyumba ya Rozina haikuwa ya urithi wa mtu. Aliijenga akiwa mjane, kwa dagaa, tofali baada ya tofali. Lakini angekufa kimya, nani angemsikiliza Akelo?

Basi akaenda kwa Evelina, msaidizi wa sheria anayekaa ofisi ya kata. Binti yule alimweleza taratibu. Mali unaweza kumkabidhi mtu ungali hai, akaishika kwa amana kwa ajili ya wale unaowataka. Au unaweza kutoa wosia, ukaendelea kula jasho lako, na siku ukiondoka maneno yako yakabaki. Wosia wa mdomo nao ni wosia, mradi uwe na akili timamu na wausikie watu wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Ukiandikwa ni bora zaidi.

"Kwani nikisema ndiyo nitakufa?" Rozina aliuliza.

"Bibi, wosia hauui mtu. Kunyamaza ndiko kunakoua waliobaki."

Akarudi, akamwambia Akelo ampigie simu baba yake mdogo, Odero: "Mwambie nawaita. Nataka kusema wosia wangu." Akelo alipiga huku sauti inamtetemeka, na simu ikazima chaji kabla hajamaliza. Yakatosha hayo. Kwao, nani aliwahi kuitwa kusikiliza wosia wa mtu anayetembea kwa miguu yake? Mwenye kuita yuko kitandani. Odero akamwambia mkewe kwamba shemeji yake yuko mahututi. Mkewe Amondi akawaambia majirani kwamba mgonjwa hatafika kesho. Majirani wakaleta mbuzi.

Ndio hao sasa, wameshuka kwenye gari la Noah kutoka Shirati na mbuzi wao, sufuria kubwa na turubai la matanga. Otuoma alitangulia, amevaa suti nyeusi, mikono kichwani. Akapiga magoti uani, akiutazama mlango wa nyumba, wala hakuinua macho kule juu ya jabali.

"Nilikukatalia, mama!" alilia. "Uliniomba dada akae hapa nikakujibu vibaya. Nisamehe! Akae, mama! Akae humu mpaka azeeke, sitamgusa!"

Rozina alishuka jabali polepole, ufagio mkononi.

"Otuoma," alisema. "Hebu rudia hapo mwisho."

Amondi alipiga ukelele, sufuria likamponyoka. Odero alirudi kinyumenyume mpaka akamkanyaga mbuzi. Otuoma alibaki palepale alipopiga magoti, mdomo wazi, kamasi likimchuruzika kama mtoto. Aliyepata la kusema ni dereva tu, maana yeye hakumjua marehemu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Shemeji," Odero alinong'ona, "ni wewe, au ni mzimu wako?"

"Mzimu gani ananuka dagaa hivi? Njoo uninuse!"

Kija alicheka mpaka akakaa chini. Lakini Otuoma hakucheka. Alimrukia mama yake, akamkumbatia kwa nguvu, magamba ya dagaa yakaganda kwenye suti, akalia upya, safari hii kilio cha mtu aliyerudishiwa kitu. Akelo alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama mlangoni bila kujua acheke au alie. Rozina naye machozi yalimtoka. Si kila mtu hujaliwa kusikia anavyoliliwa.

Chai ikaletwa. Hapo mambo yakaanza kuchacha, maana Odero sasa hofu ilimtoka na hasira ikaingia.

"Shemeji, huku ni kujichuria kifo. Mimi nikae nisikilize wosia wa mtu anayekunywa chai? Ukoo utasema nimekuzika hai. Siwi shahidi, na mke wangu hawi."

"Basi nani, shemeji? Nikishakufa nitakuita vipi?"

"Na wewe Otuoma, yale uliyoyasema?" Kija aliuliza. Kija hajui kunyamaza.

Otuoma alitazama kikombe. "Yalikuwa ya uchungu," alisema. "Mtu aliyefiwa husema mengi."

Akelo aliweka birika chini. "Kaka, mimi sitaki ugomvi," alisema. "Ukiniambia niondoke, nitaondoka. Ila mama asiondokewe na usingizi kwa ajili yangu."

Rozina alisikia uzito wa lile godoro umemrudia mabegani. Alitaka kusema, lakini Akelo alikuwa ameinua uso. Kutoka ziwani upepo wa baridi ulikuwa umegeuka, na wingu jeusi limeshavuka maji.

"Dagaa!" alipiga kelele, akalikimbilia jabali.

Dagaa waliokaribia kukauka wakipigwa na mvua, kazi yote imekwenda na maji. Akelo alikunja nyavu kwa magoti na viwiko, akisomba mizigo miwili kwa mara moja, na matone ya kwanza yakaanza kumpiga mgongoni. Otuoma alisimama, akamwona dada yake anateleza, anaanguka, mzigo ameukumbatia kifuani ili usimwagike. Akavua koti la suti akalitupa. "Baba mdogo, shika huko!" alipiga kelele, na wote, Odero na Amondi na dereva, wakalikokota turubai la matanga mpaka juu ya jabali, wakalitandaza juu ya dagaa na kulifunga kamba, kisha nao, pamoja na Rozina na Kija, wakaingia chini yake, kwa kuwa mvua ilishafika.

Walihema wakiwa wameinama, mbuzi katikati yao. Otuoma alimfuta Akelo damu kwenye kiwiko kwa leso nyeupe ya msibani.

"Baba mdogo," alisema bila kugeuka, "turubai tumeshafunga. Ya kilio changu siyarudishi mdomoni. Msikilize mama."

Odero aliguna, akatazama mvua, akamtazama mkewe. "Haya," alisema. "Lakini aseme upesi."

"Wewe dereva, ni ndugu yetu?" Rozina aliuliza.

"Hapana, bibi. Mimi Alexander, Mkerewe."

"Vizuri. Wewe na Kija mtatosha kwa upande wa nje."

Akasema. Nyumba akae Akelo na wanawe, asitolewe na mtu. Chumba cha mbele ni cha Otuoma, akija Mwanza asilale gesti kama mgeni. Jabali ni la wote, atakayeanika na aanike. Evelina ataitwa kesho ayaandike, na yeye Rozina atatia dole gumba. Basi. Maneno machache hivyo, na yalimnyima usingizi mwezi mzima! Rozina alishusha pumzi, akahisi mabega yake mepesi kabisa. Alichungulia kifo, hakukiona. Aliona mvua tu.

Jioni mbuzi alichinjwa. Amondi alikatakata ini la kuchoma, akasita na sahani mkononi, hajui kama marehemu anaruhusiwa kula nyama ya matanga yake.

"Lete hapa," Rozina alisema.

Akatafuna taratibu, amekaa juu ya gunia la dagaa wakavu. Akelo alikuwa ameshalala, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, na juu yao maji yalichuruzika kutoka ukingo wa turubai.