Nyuma ya Gurudumu la Bashiri

Mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, lakini vurugu zake zilinifikia hapa Ipagala, Dodoma, kwenye kochi langu mwenyewe.

Mbio za baiskeli nimezifuatilia miaka mingi. Nilianza na redio, nikaja kwenye magazeti, na tangu binti yetu Erica atuletee televisheni, Julai nzima, wakati wa mbio za Ufaransa, hanitoi mtu sebuleni. Kiingereza cha watangazaji nakielewa vizuri, kwa kuwa nilikisoma jioni baada ya kazi, wakati wenzangu wako kwenye pombe. Mke wangu Lydia hakuwahi kuniuliza lolote. Alikuwa akipita na ungo wake, anasema, "Bado hawajafika tu hawa?" na kwenda zake jikoni.

Safari hii mbio zilikuwa Afrika, nikaona si vizuri kutazama peke yangu. Nikamwalika jirani yangu Bashiri, mtu wa Kondoa, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa akiuza vipuri vya baiskeli sokoni. Ilikuwa siku ya mbio za wanawake. Lydia akaweka ungo chini, akakaa.

"Shemeji," Bashiri akamwambia, "mwangalie huyo wa nyuma. Unadhani amechoka?"

"Si anaburuzwa?"

"Aburuzwe wapi! Wa mbele ndiye anayekula upepo. Huyu amejificha mgongoni kwake kama mtoto kwenye mbeleko. Ngoja waufikie mlima, utaona nani kachoka."

Lydia akacheka mpaka akashika ubavu. Jambo hilohilo nilimweleza mimi mwaka juzi, kwa maneno yaliyonyooka na sababu zake za kisayansi. Aliniambia ninyanyue miguu afagie.

Mshindi anavuka mstari, wawili hao walikuwa wameshapanga safari: kwenda Buigiri kwa baiskeli, kulala kwa Anyesi, dada yake Lydia, na kurudi kesho yake. Lydia alikuwa muuguzi wa zahanati za vijijini, baiskeli anaijua.

"Na Baba Erica naye atakuja?" Bashiri akamuuliza.

Nilikuwa nimekaa palepale katikati yao.

"Baba Erica ndiye atakayeongoza," nikasema.

Nikaipanga safari kama inavyotakiwa. Buigiri iko mashariki, na upepo wa kwetu majira hayo hutoka mashariki, kwa hiyo tungeupokea usoni njia nzima. Nikamwambia Lydia akae nyuma yangu, gurudumu lake karibu na langu, nami nitamkinga. Akasema sawa. Wakati huo Bashiri alikuwa akija kila jioni kuitengeneza baiskeli ya Lydia. Alibadilisha breki, akapaka mnyororo mafuta, akamwambia apande, ashuke, apande tena. Kiti cha mke wangu kilipimwa na mwanamume mwingine, mimi nimeshika spana.

Tukaondoka asubuhi na mapema. Mpaka Ihumwa mambo yalikuwa mazuri: mimi mbele, Lydia nyuma yangu, Bashiri wa mwisho, malori ya kwenda Rwanda na Kongo yakipishana nasi. Kisha upepo ukaamka. Nikainamisha kichwa, nikakanyaga, na kila baada ya hatua chache nikageuka kuhakikisha Lydia yupo. Alikuwepo. Halafu nikageuka, hakuwepo. Bashiri alikuwa ananipita kando, na gurudumu la mbele la mke wangu lilikuwa karibu kuligusa la nyuma la Bashiri.

"Pole na kazi, mzee!" Bashiri akapaza sauti.

Pole na kazi! Kama mtu anayempita kibarua shambani.

Nikachomoka. Nikawapita wote wawili, nikaenda peke yangu, vumbi machoni, kifua kinawaka, mpaka njia panda ya Chamwino. Pale nikashuka, nikaegemea baiskeli kama mtu aliyewasubiri muda mrefu. Walifika wakiwa wanaongea. Lydia hakuwa hata na jasho. Bashiri akaenda kununua ndizi.

"Tulikubaliana utakaa nyuma yangu," nikamwambia Lydia.

"Nilikaa."

"Ukahama."

"Unageuka mno, Baba Erica. Ukigeuka baiskeli inayumba, mwendo unapungua, mimi nabana breki. Nusura nikuvae mgongoni. Mwenzako hageuki."

"Hageuki kwa sababu hajali kama upo."

"Hageuki kwa sababu anajua nipo."

Akafunga kilemba chake upya, akapanda.

"Haya, ongoza," akasema. "Ila usigeuke. Hata kidogo."

Nikaongoza. Shingo niliikaza kama mtu aliyeota jipu. Nilisikia mnyororo wake nyuma yangu, ukienda sawasawa na wangu, na kwa kitambo kidogo nilijiona mwanamume kamili. Kisha nikamsikia Bashiri akianza hadithi. Upepo ulikuwa unatoka mbele, kwa hiyo maneno yao yalibaki hukohuko nyuma; kilichonifikia ni vicheko tu. Nilichokitaka nilikuwa nimekipata, mke wangu alikuwa nyuma yangu. Lakini Bashiri alikuwa nyuma yake, akimtazama apendavyo, wakati mimi natazama lami. Hilo sikulifikiria nilipokuwa napanga.

Kicheko kingine. Kirefu.

Nilivumilia mpaka mabati ya Buigiri yakaanza kung'aa mbele yetu. Ndipo nikasogea pembeni, nikatikisa kiwiko kama wafanyavyo waendeshaji wakubwa wanapoomba kupokewa zamu ya mbele.

"Bwana Bashiri, pita mbele."

"Kulikoni, mzee? Umechoka?"

Sijawahi kumwambia mwanamume mwenzangu neno hilo, si kazini, si shambani. Lakini ningemwambia nini kingine?

"Nimechoka," nikasema.

Bashiri akapita. Lydia akawa sambamba nami, akaniangalia usoni.

"Hujachoka wewe," akasema taratibu, Bashiri asisikie.

Akakanyaga, akamfuata. Nami nikaingia nyuma yake, mahali ambapo upepo haufiki, nikawatazama wote wawili mpaka mlangoni kwa Anyesi.