Oili Mpya kwenye Boksi

Kila asubuhi Fundi alisoma boksi lake kabla hata ya kunawa uso. Jioni alitandika kipande cha boksi safi chini ya injini ya gari lake kuukuu, na kulipokucha akakivuta na kukitazama. Boksi kavu, gari zima. Likiwa na tone, basi kuna mtu aliyefanya kazi ovyo, na kwa miaka arobaini mtu huyo hakuwahi kuwa yeye.

Mwanawe, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alikuwa amemwekea sharti tangu tone la kwanza lionekane.

"Baba, ukiziba mara tatu na bado inavuja, unanipa funguo na sanduku la spana. Gari linaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wewe unapumzika. Siku hizi unasahausahau."

"Nasahau nini?"

"Chai jikoni. Nati. Vingi tu."

Fundi alikubali kwa kiburi chake kile kile. Lakini bila gari na spana angebaki nini? Mzee wa kukaa kitini akingoja kuletewa chakula. Aliliogopa hilo kuliko kaburi.

Akabadilisha gasketi ya juu ya injini. Tone. Akabadilisha sili ya mbele, ule mpira wa kuzuia oili. Tone. Mara ya tatu alifungua sampu, lile bakuli la oili la chini, akaikwangua, akaisafisha kwa petroli, akaweka gasketi mpya na kukaza bolti kidogo kidogo, upande huu na upande ule, bila pupa. Asubuhi hii boksi lilikuwa na tone kubwa kama kifungo cha koti. Mara zake tatu zilikuwa zimekwisha.

Hapa sina budi kusema huyo mwana aliitwaje. Alijifunza ufundi humu humu uani, na siku moja akasahau kukaza nati ya sampu. Gari la mteja likaacha mstari mweusi barabara nzima. Baba hakumchapa, heri angemchapa. Alichovya kidole kwenye oili, akampaka puani mbele ya wateja, akamwita Tone. Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Jina likaganda. Dukani Tone, kazini Tone, na siku ya harusi yake baba mtu alisimama mbele ya wageni akasema, "Bibi harusi, usisahau kumtandikia boksi." Mama yake peke yake ndiye aliyemwita jina lake, na mama alishazikwa.

Fundi akachovya kidole kwenye lile tone, akalisugua, akalinusa. Halikunuka moshi. Lilikuwa na rangi ya asali. Na jana, baada ya kufunga sampu, alikuwa ameirudishia injini oili ile ile ya zamani, nyeusi tii, maana hakuwa na tabia ya kuharibu oili mpya kabla ya kuhakikisha kazi.

Alifurahi, mzee yule! Angeweza kumwita mwanawe ndani wakayamaliza wawili. Badala yake alilala chali juu ya kipande cha zulia kama ilivyokuwa desturi yao, kwa kuwa kiuno chake kilikuwa kibovu, na mwanawe akamsukuma chini ya gari bila kujua linalomngoja. Fundi akapapasa sampu. Kavu kabisa.

"Tone!" akapaza sauti ivuke ukuta. "Hata kudanganya hujui! Umedondosha oili mpya, na kwenye injini mna nyeusi! Jirani, njoo umwone Tone wangu!"

Ng'ambo ya ukuta mtu akaangua kicheko. Viatu vya mwanawe havikusogea. Kisha akachuchumaa, uso wake ukaonekana chini ya mlango wa gari, mtulivu.

"Ni kweli, ni mimi. Umeshinda, Baba. Gari lako, spana zako."

"Basi nivute, Tone."

"Nitakuvuta. Niite jina langu kwanza."

"Mwanangu, kiuno kinaniuma."

"Si hilo. Lile ulilonipa wewe. Mara moja tu, Baba, nami sitakusumbua tena."

Fundi akacheka kidogo, akafungua mdomo. Aliikumbuka siku yenyewe: mvua, mama mtu amelala hoi, yeye ameinama kwenye sikio la kichanga. Alimkumbuka marehemu mkewe akisimama mlango wa jikoni kumwita mtoto aje kula. Aliuona mdomo wa mkewe ukifunguka. Jina halikusikika.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza. Liko hapa hapa."

Mwanawe akangoja. Jirani alikuwa akisikiliza ng'ambo ya ukuta. Injini ilikuwa juu ya uso wa Fundi, na kila bolti yake aliijua ilipo na spana yake ni namba ngapi.

"Umelisahau," mwanawe alisema polepole, na sasa macho yalikuwa yamemjaa machozi. Akanyoosha mkono chini ya gari, kiganja juu. "Lete funguo."

Fundi akajipapasa mfukoni, akazitoa, akamwekea kiganjani. Ndipo akashikwa miguu, akavutwa hadi juani.