Sauti ya Ndugu Burito

Jumatano asubuhi, mwezi wa tatu mwaka 1988, Mbuke alitoka na bakuli la mtama akawaita kuku wake. Ikatoka sauti ya Ndugu Burito, mwenyekiti wa kijiji: nzito, yenye mkwaruzo, ya mtu aliyezoea kuhutubia. Kuku wakakimbilia chini ya ghala. Mbuke akakohoa, akaita tena, ikawa ile ile. Akamwaga mtama chini, akaenda zake kisimani, na huko akawakuta wanawake sita wakigombea zamu, wote kwa sauti ya Burito.

Hakuna aliyeuliza sababu. Jana yake, mkutanoni, Burito alisema umoja ndio ngao ya taifa, kwa hiyo kijiji chao, mwendo mfupi kutoka Bunda, kiwe na sauti moja. Wanaoafiki wanyooshe mikono. Mikono yote ikanyooka, wa Mbuke ukiwemo, maana baada ya mkutano ndipo sukari ingegawiwa, nusu kilo kwa kaya, na sukari ilikuwa haijaonekana tangu Krismasi.

Kwa wengine ulikuwa usumbufu tu. Watoto walilala upesi kwa kuogopa kubembelezwa. Kanisani, kwaya ya Mwalimu Silasi ikawa besi tupu. Lakini Mbuke alikuwa na shauri. Eka zake tatu, alizoachiwa na marehemu mumewe, zilichukuliwa ziwe shamba la mfano la kijiji, na pamba iliyopandwa humo ilikuwa ya Burito.

Silasi ndiye aliyemwambia kwamba haki za binadamu sasa zimo ndani ya Katiba, na kuanzia mwezi huo mtu anaweza kuzidai.

"Haki zenyewe ndiyo nini, Mwalimu?"

"Ni kwamba hunyang'anywi kilicho chako bila hata kusikilizwa."

"Na umoja je? Burito anasema nikidai nitavunja umoja."

"Umoja ni kwaya, mama. Kila mtu na sauti yake, ndipo wimbo..." Silasi akajisikia anavyosikika. Akafunga daftari la nyimbo kwa kishindo. "Nenda Musoma. Nenda tu."

Akaenda. Karani wa malalamiko ya ardhi alikuwa mzee mmoja aitwaye Felisian, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kwa miaka tisa alikuwa amenukuu hotuba za wenyeviti wa vijiji.

"Shamba langu limechukuliwa," Mbuke akasema.

Felisian akasimama. "Karibu sana, Ndugu Burito."

"Mimi ni Mbuke. Mjane wa Magesa."

"Nakuona, mama. Lakini mimi naandikaga ninachosikia." Akaketi, akachovya kalamu. "Mlalamikaji, Burito. Nani kalichukua?"

"Burito!"

"Burito kamnyang'anya Burito," karani akaandika, wala hakukunja uso. Alishaandika makubwa kuliko hayo.

Mbuke akatoa barua aliyoandikiwa na Silasi. Karani akasema barua lazima ithibitishwe kwa mdomo. Mbuke akamwonyesha kadi ya chama yenye jina lake, akamwonyesha na viganja vilivyopasuka kwa jembe. Felisian akavitazama kwa heshima. Zamani kulikuwa na dawati la kutazama, akaeleza, ila limefutwa kwenye kupunguza wafanyakazi.

Mbuke akalieleza shauri lake mara nne. Mara ya nne akapiga meza.

"Nimechoka! Nilikuwaga nalima hapo tangu mwaka sabini na nne! Yeye hajui hata jembe linashikwa upande gani!"

Felisian aliandika yote bila kukosea hata herufi moja, isipokuwa jina.

Uamuzi ulifika mwezi wa sita, ukasomwa mkutanoni. Kufikia hapo watu walishazoea kutambuana kwa vikohozi. Ofisi imeridhika, katibu wa kijiji akasoma, kwamba mlalamikaji alinyang'anywa eka tatu bila kusikilizwa. Kwamba haki yake ya kumiliki mali imevunjwa. Arudishiwe mara moja, apewe na hati. Mbuke akafunga macho. Kisha likasomwa jina.

Burito akaipokea hati kwa mikono miwili. Alionekana kuguswa kweli. Alisema hakuwa amejua kwamba ameonewa kiasi kile.

Mbuke akasimama bila kuomba ruhusa. Akasema shamba ni lake, akataja miaka, akataja mipaka, akataja waliomsaidia kung'oa visiki. Nyamburi, jirani yake, akasimama akasema ni kweli, yeye aling'oa viwili. Akasimama mwingine, na mwingine, mpaka nusu ya mkutano ikawa wima, wakisema kwa saa nzima, bila woga, kwa sauti ile moja. Burito aliwasubiri, akijipepea kwa hati.

Walipomaliza, katibu alifungua ukurasa mpya wa muhtasari, akaandika: "Mwenyekiti alizungumza kwa kirefu. Hakukuwa na maswali."